Pingili ya begonia ina mizizi lakini haichipui: tatizo liko wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza. Nina begonia ya mashina marefu, majani yake yana madoa meupe juu na chini ni mekundu. Niliinunua ndogo kwenye kitalu cha kando ya barabara, sasa inanifika kifuani na huku chini imebaki vijiti vitupu. Mwezi wa sita nilikata vipande vitano. Vinne nilivichomeka kwenye udongo mweusi niliouchanganya na samadi, nikaviweka barazani kwenye jua kama tunavyofanya na muhogo. Vyote vilikuwa vyeusi chini, vikaoza. Cha tano nilikiweka kwenye glasi ya maji, kimetoa mizizi mingi ila huu ni mwezi wa tatu hakijatoa hata jani moja jipya. Nikipande au nikitupe? Na mmea wenyewe nikiukata utakufa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Niruhusu nianze na hicho cha tano, kwa sababu vile vinne vilivyooza nina hakika umeshaanza kujiuliza mwenyewe. Hiki chenye mizizi ndicho kinachowasumbua watu wengi zaidi, maana mtu akiona mizizi anaamini kazi imekwisha, kumbe haijaanza.

Kitoe kwenye glasi, kishike karibu na mwanga, ukitazame shina kutoka chini kwenda juu. Utaona vifundo, yaani zile sehemu zilizovimba ambapo jani hushikana na shina. Kwenye kila kifundo tafuta mahali jani lilipo, au kovu lake kama jani limeshaanguka. Sasa angalia juu kidogo ya hapo, kwenye pembe kati ya kikonyo cha jani na shina. Kama kuna kijidude kidogo cha milimita mbili hivi, chenye ncha, kijani au chekundu kwa mbali, hilo ni jicho, na tawi jipya litatoka hapo. Kama badala yake kuna kijiti kikavu, au kovu la duara pale kijiti kilipodondoka, basi hapo palitoka shada la maua. Jicho la kifundo hicho lilishageuka maua na halirudi tena.

Ninavyoelewa maelezo yako, ulikata kipande cha katikati ya shina, kwenye eneo lililokuwa limechanua. Begonia za mashina marefu hutoa maua yao kwenye vifundo vya juu, kifundo baada ya kifundo. Pingili ya namna hiyo inaweza kuota mizizi vizuri kabisa, kwa sababu mizizi ya begonia haihitaji jicho. Inatoka kwenye shina lenyewe. Jani lililobaki litaendelea kutengeneza chakula, mizizi itaongezeka, na kitu hicho kitakaa hai miezi na miezi bila kuongezeka urefu hata kidogo. Hakuna mbolea itakayokifanya kichipue. Ndiyo maana pia ukiweka jani moja tupu la begonia yako kwenye maji litaota mizizi na kuishia hapo. Mche unatokana na jicho. Mizizi ni ya kulilisha hilo jicho tu.

Kwa hiyo ukilipata jicho hata moja lililo hai kwenye pingili yako, ipande, tena ipande kwa kina kiasi kwamba jicho hilo liwe usawa wa udongo au chini yake kidogo. Begonia inapenda kutoa machipukizi kutoka kwenye kifundo kilichofukiwa, na hayo ndiyo yatakuwa mashina mapya yenye nguvu. Kama vifundo vyote vina makovu ya maua na ncha ya juu ulishaikata, itupe. Najua inauma kutupa kitu chenye mizizi mizuri hivyo, lakini utakuwa unamwagilia jani.

Vile vinne vilikufa kwa sababu ulivitendea kama muhogo. Kijiti cha muhogo ni mti mgumu, kina akiba ya wanga ndani, kinaweza kukaa wiki kivulini bila udongo na bado kikaota. Shina la begonia limejaa maji. Likichomekwa kwenye udongo mzito unaoshika maji, sehemu iliyokatwa inakosa hewa, ukungu wa kwenye udongo unaingia kupitia kidonda, na ndani ya siku chache unaona weusi unapanda kutoka chini, shina linakuwa laini, ukiliminya linatoka maji. Samadi iliongeza tatizo: inashika unyevu, ina vijidudu vingi, na kwa pingili isiyo na mizizi haina faida yoyote kwa sababu haina cha kuifyonzea. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, uachie mpunga na pamba.

Jua nalo lilichangia. Pingili isiyo na mizizi haiwezi kurudisha maji ambayo jani linapoteza, na kwenye jua kali jani linapoteza mengi. Hapa niseme jambo moja kuhusu maelekezo ya kwenye mtandao. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanakuambia uweke mche kwenye dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua haliingii upande huo. Sisi Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Kama baraza lako limetazama kaskazini, basi Juni ndipo jua linaingia mpaka ndani, na wewe ndipo ulipoziweka pingili zako. Upande unaofaa mwaka mzima ni mashariki: jua laini la asubuhi mpaka saa tatu hivi, halafu mwanga bila jua kutwa nzima. Magharibi paepuke kabisa. Jua la alasiri ni kali, na upepo wa kutoka ziwani mchana unakausha majani.

Pia utasoma kwamba lazima uwe na kifaa cha kupasha joto udongo, au usubiri majira fulani ya mwaka ya huko kwao. Achana navyo. Pingili za begonia huota mizizi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, na ndani ya nyumba zetu joto hilo lipo karibu muda wote. Kinachobadilika kwetu ni unyevu wa hewa. Juni, Julai na Agosti hewa ni kavu. Vuli ikishaanza, Oktoba na Novemba, hewa inalainika na mmea mama wenyewe unakuwa na nguvu ya kutoa machipukizi. Umeniandikia wakati mzuri. Una wiki chache za kuandaa vitu vyako. Masika ikikolea, mwezi wa nne, mimi huwa sikati kwa wingi kwa sababu ukungu unapata nafasi yake.

Tuje kwenye cha kupandia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Mwanza tulipobahatika bila kujua.

Kinachotakiwa ni kitu kinachopitisha maji haraka, kinachobaki na unyevu kidogo na hewa nyingi, na kisicho na vijidudu. Watu wanasumbuka kutafuta makumbi ya nazi kutoka pwani kwa bei kubwa, wakati mikoa yetu hii inalima mpunga na mashine za kukoboa zimejaa maganda. Maganda mabichi hayafai, yanaanza kuoza na kupandisha joto. Yachome. Chukua debe au kopo kubwa la bati, litoboe matundu mengi ubavuni, washa moto mdogo wa vijiti ndani yake, kisha mwaga maganda makavu kulizunguka mpaka yafanye kichuguu. Moto unapenya taratibu kupitia matundu na maganda yanageuka meusi kutoka ndani kuja nje. Yageuze kwa koleo kila unapoona weusi umefika juu. Unataka meusi yote lakini kila ganda bado lina umbo lake. Ukichelewa yanakuwa majivu meupe, na majivu hayana hewa tena, tena yana magadi mengi. Yakishakuwa meusi, yamwagie maji ya kutosha mpaka moshi uishe kabisa, maana yanajificha na kuwaka tena ndani kwa ndani. Kesho yake yasuuze mara mbili tatu kupunguza magadi. Fanya kazi hii uwanjani, siku majirani hawajaanika nguo.

Pamoja na maganda hayo, tafuta mchanga. Jiji la Miamba lina mchanga mzuri mno wa pingili: ule wa chembe kubwa unaosombwa na mvua kutoka kwenye mawe makubwa ya milimani na kujikusanya pembeni mwa mitaro. Wasukuma huita udongo wa kichanga wa namna hiyo luseni. Chekecha, vumbi laini ulitupe, ubaki na chembe zinazokwaruza vidole. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, kisha umwagie maji yanayochemka ndani ya ndoo yenye matundu, uuache upoe. Mchanga wa ufukweni hauna chumvi, kwa sababu ziwa letu ni la maji baridi, lakini chembe zake ni laini mno, zinashikamana na kuziba hewa. Changanya nusu kwa nusu na maganda yaliyochomwa. Basi. Usiongeze chochote.

Na usichote maji ya ziwani kumwagilia pingili, hata kama ziwa liko mita mia kutoka mlangoni kwako. Yana mwani na vijidudu vitakavyokurudisha kwenye kuoza kule kule, na zaidi ya hapo sitaki uingie majini kando kando ya ziwa kwa ajili ya ua, ukatoka na kichocho. Maji ya bomba yanatosha, na ya mvua ni mazuri zaidi.

Sasa kukata. Nunua wembe mpya, ufute kwa spiriti. Mkasi hauufai sana ukataji huu kwa sababu unaliponda shina laini, na sehemu iliyopondwa ndiyo inayoanza kuoza. Chagua shina lenye afya ambalo ncha yake inakua na haina maua. Pima kutoka nchani sentimita 10 hivi, hakikisha kuna vifundo vitatu au vinne, na angalau kimoja au viwili vya chini viwe na macho yanayoonekana. Kata milimita chache chini ya kifundo. Pingili yenye ncha ndiyo ya uhakika kuliko zote, kwa sababu ile ncha yenyewe ni jicho linaloendelea kukua, na yale ya chini yatatoa mashina ya pembeni. Vipande vya katikati ya shina navyo vinafaa, mradi macho yapo. Ila hakikisha hukigeuzi kichwa chini, maana wakati mwingine vinafanana pande zote mbili.

Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu. Kama ni mapana, yakate nusu kwa upana wake. Hayatapendeza lakini yatapoteza maji kidogo. Toa na vile vigozi vikavu vya rangi ya kahawia vinavyokumbatia kila kifundo. Watu wengi huviacha, na mimi nimeona mara nyingi ukungu ukianzia hapo hapo. Maua na matumba yote yatoe pia, hata kama ni machanga na mazuri. Iache pingili kivulini nusu saa kidonda kikauke, kisha tengeneza tundu kwa kijiti, itumbukize, kifundo kimoja chenye jicho kiwe chini, gandamiza kidogo pembeni. Usiisukume moja kwa moja kwenye mchanga, utachuna ngozi.

Unga wa kuotesha mizizi unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo si lazima. Begonia haihitaji kubembelezwa kutoa mizizi. Kama unao, paka kidogo tu na ukung'ute unaozidi. Mshubiri, asali na mdalasini ambavyo watu wanashauriana, sivitumii na sioni pingili zangu zimepungukiwa na nini.

Chombo kiwe na matundu chini. Kiriba cha miche kinafaa, kikombe kilichotobolewa kinafaa. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike. Kisha funika kwa chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu uliyoikata kitako, kifuniko chake ukiweke pembeni ili hewa ipite juu. Chupa ni bora kuliko mfuko, maana mfuko unaanguka na kulala juu ya majani, na mifuko ya plastiki ya kubebea nayo tulishaachana nayo tangu katazo la Juni 2019. Kuta za chupa zikitoa matone mazito kutwa nzima, maji yamezidi. Inua chupa kwa saa moja mbili kila asubuhi. Kuta zikiwa kavu kabisa, pingili ina kiu. Umande mwepesi wa asubuhi ndani ya chupa, unaopotea mchana, ndio unaoutaka. Na chupa yenye mche, hata ikiwa upande wa mashariki, isiguswe na jua hata kwa robo saa, joto ndani yake linapanda haraka mno.

Baada ya wiki tatu au nne, shika pingili taratibu na uivute kidogo sana. Ikikushikilia, mizizi imefika. Usiing'oe kuangalia. Subiri mpaka uone jani jipya linafunguka, ndipo uanze kuondoa chupa: siku ya kwanza saa mbili, kesho yake zaidi, mpaka baada ya wiki iwe inakaa wazi. Wanaotoa chupa ghafla huona mche uliokuwa umesimama wima umelala chali jioni yake.

Ukipenda maji badala ya mchanga, sikukatazi, njia hiyo inafanya kazi. Weka maji sentimita mbili tatu tu, kifundo kimoja kizame, majani yasiguse maji, badilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Lakini usiiache miezi mitatu kama ulivyofanya. Mizizi inayoota majini ni laini na inakatika, na ikizidi kuwa mirefu inapata shida kuzoea udongo. Ikifika sentimita mbili au tatu, hamisha, na kwa siku kumi za mwanzo usiache udongo ukauke.

Udongo wa kuhamishia uwe mboji iliyooza vizuri sehemu mbili, maganda yaliyochomwa sehemu moja, na ule mchanga wako sehemu moja. Chungu kidogo, cha sentimita 10 kinatosha. Kikubwa kinabaki na maji ambayo mizizi haijaweza kuyanywa. Mbolea ya NPK ianze mche ukishakuwa na majani mapya mawili au matatu, na iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu mmea mama: hautakufa. Kinyume chake, kuukata ndiko kutakakouokoa na huo uvijiti. Ila usikate mashina yote siku moja. Anza na theluthi, yale marefu na matupu zaidi. Shuka kwenye shina mpaka upate kifundo cha pili au cha tatu kutoka kwenye udongo chenye jicho linaloonekana, ukate nusu sentimita juu yake. Huko chini ndiko macho mengi yamelala bila kuchanua, kwa hiyo kuchipua ni rahisi. Ukiona chipukizi limefika urefu wa kidole, kata theluthi nyingine. Baada ya kukata punguza maji, kwa sababu majani yanayoyanywa yamepungua. Mashina uliyoyakata ndiyo yatakayokupa pingili, zile za ncha na zile za katikati zenye macho.

Begonia yako asili yake ni misitu ya Brazil, lakini tunazo za mwituni hapa hapa Tanzania, kwenye misitu ya milimani, zikiota kivulini kwenye mawe yenye unyevu na magome ya miti. Dunia nzima zinajulikana aina zaidi ya 2,000. Ukiikumbuka hiyo sehemu zinapoota, kivuli chenye mwanga, unyevu hewani, na mizizi iliyo mahali pasipo na udongo mwingi, panapopitisha maji, mengi ya hayo niliyokuandikia utayakisia mwenyewe.

Ukija kupata ile aina nyingine, ya majani mapana yenye rangi za fedha na zambarau isiyo na shina la kusimama, usiikate hivi. Ile huzaliana kwa jani: unakata mishipa mikubwa upande wa chini, unalilaza juu ya mchanganyiko ule ule, unalibana kwa vijiti, na vijimche vinatoka kwenye kila mkato.

Ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani, ukiuona kwenye mmea mama usichukue pingili kwenye shina hilo. Ng'oa majani yenye unga, yachome, acha nafasi kati ya vyungu hewa ipite.

Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, au mbuzi anayepita barazani, weka vyungu juu. Begonia ina chumvichumvi za oksalate zinazowasha mdomo na koo, na sehemu za chini ya udongo ndizo kali zaidi. Nawa mikono baada ya kukata, usijipanguse macho kabla ya hapo. Mabaki ya mashina yafukie au yatupe mahali mbuzi hafiki.